Nusu Mzunguko

Kaka yangu aliniomba meno ishirini na nane, nikampa ishirini na moja. Kosa langu ni hilo, na ningeweza kuishia hapa nikafunga karakana nikaenda kulala. Lakini asiyejua baiskeli atasema, "Meno saba tu, yana nini?" Kwa hiyo nitaeleza, na naomba nisikatizwe, maana mimi ni mwepesi wa hasira na jambo hili bado linanichoma.

Mimi ni fundi baiskeli. Mtaani wananiita Kipimo, kwa sababu sifungi kitu bila kukipima, hata nati ambayo ningeweza kuifunga nimefumba macho. Karakana yangu ni chumba kimoja chenye mlango wa mabati, ubavuni mwa chumba cha mshonaji. Ukuta kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya naye hunijibu "afya!" bila kusimamisha cherehani. Meza yangu ya kazi ni ya mbao nzito, ina rafu chini ya kuwekea maboksi ya vipuri. Aliitengeneza kaka yangu, ambaye ni seremala, mwaka ule nilipoanza kazi. Haijawahi kuyumba hata siku moja.

Kabla ya kushika randa, kaka alikuwa mtu wa mashindano ya baiskeli, na walimwita Mshale. Mimi mdogo wake nilikuwa nyuma yake, nikila vumbi lake. Kila wiki tulipanda kilima kilicho nyuma ya mji mpaka kwenye tanki kubwa la maji, tanki la chuma lenye kutu miguuni. Sheria yetu ilikuwa moja: anayefika kwanza analigonga tanki kwa ngumi mara tatu. Miaka yote ile mimi nililigonga mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo tairi la kaka lilikuwa limepasuka.

Halafu maisha yakatushika mashati, kama yanavyomshika kila mtu. Yeye akaoa, akafungua useremala, akawa anatengeneza milango na makabati. Baiskeli yake ya mashindano aliivunja vipande, magurudumu akampa huyu, breki akampa yule. Fremu aliificha stoo, ikiwa bado na kile kimkono cha gia cha nyuma.

Alipofika umri wa miaka sitini na tatu, alinijia karakana asubuhi moja, fremu ameitundika begani. Alikuwa anahema, lakini fremu ilikuwa begani na jua lilikuwa kali. Alikohoa pia. Seremala gani hakohoi?

"Mdogo wangu," akasema, "hebu nifungie hii. Nataka nipande tena mpaka kwenye tanki. Mimi na wewe, kama zamani."

Nilifurahi mno, nikamkumbatia na mikono yangu ya grisi. Nikamwambia anipe wiki sita, na asiniletee kipuri hata kimoja, nitatafuta mwenyewe.

Sasa nieleze ugonjwa wangu. Sipendi kuchanganya vyuma vya umri tofauti. Fremu ikiwa ya mwaka fulani, basi breki ziwe za miaka hiyo, na habu za katikati ya magurudumu, na pedali, na hata skrubu ikiwezekana. Mteja akiniletea baiskeli ya zamani iliyofungwa kipuri cha juzi, naiona kama mzee aliyevaa kofia ya mtoto wa chekechea. Kwa hiyo wiki zile sita nilihangaika. Nilichimba maboksi ya mafundi wenzangu, nikabembeleza, nikabadilishana vitu. Nilipata kranki za kushikia pedali, zinazong'aa, breki zake, na magurudumu yenye habu nyembamba. Kila kitu kiliendana na kile kimkono cha nyuma kama ndugu wa tumbo moja.

Na tatizo lilikuwa kimkono hicho. Kazi yake ni kuhamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine na kukaza pale inapolegea. Cha kaka kilikuwa kifupi, kilichotengenezwa kwa ajili ya vijana wenye mapaja ya chuma. Gia ya nyuma ikizidi meno ishirini na nne, hakifiki. Nami nilikuwa nimepata seti kamili ya gia za nyuma za wakati ule, kubwa yake ina meno ishirini na moja. Mbele kulikuwa na gia mbili, ndogo ina meno arobaini na mbili. Hesabu yake ni nyepesi. Arobaini na mbili kwa ishirini na moja, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili. Ukiweka ishirini na nane nyuma, linazunguka mara moja na nusu. Kwenye tambarare hutaona tofauti kubwa. Kwenye kilima, ile nusu inayobaki unaibeba kwa kifua chako.

Kaka alikuja wiki ya nne kuangalia maendeleo. Mshonaji alikuwa mlangoni kwangu na wateja wake wawili, wamekuja kuchungulia jinsi vyuma vinavyong'aa. Kaka akazunguka baiskeli, akainama kukagua miguu ya meza yake kama anavyofanya siku zote, akakaa kidogo kule chini, akainuka polepole. Akashika gia za nyuma, akawa anahesabu meno kwa ukucha wa kidole gumba.

"Ishirini na moja," akasema. "Kipimo, huwezi kuniwekea kubwa zaidi kidogo? Ishirini na nane hivi?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi mbele za watu.

"Ishirini na nane?" nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Kaka, hiyo ni gia ya kubebea magunia ya mkaa! Jamani, Mshale amekuwa mkokoteni!"

Mshonaji alicheka mpaka akashika kizingiti, na wateja wake wakacheka. Kaka naye akacheka, tena kwa nguvu kuliko wote, mpaka kikohozi kikamkatiza. Akajifuta macho.

"Haya bwana," akasema. "Nilikuwa nakupima tu. Weka hiyo hiyo."

Hapo naomba niseme ukweli wote, maana nusu yake haina faida. Chini ya ile meza, kwenye boksi la tatu, kulikuwa na kimkono kirefu cha gia, cheusi, cha miaka ya karibuni, pamoja na seti ya gia yenye meno ishirini na nane. Ningevifunga kwa saa moja. Havikuendana na vingine, basi. Na baiskeli yangu mwenyewe, ninayoendea kazini kila siku, nyuma ina meno thelathini na mbili. Sikuona ajabu yoyote. Yangu ilikuwa ya kazi, ya kwake ilikuwa ya heshima.

Nilimalizia kwa kuzungushia usukani utepe mweupe wa kitambaa. Ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe. Watu walisimama kuitazama.

Tulitoka asubuhi, mapema, barabara haijachangamka. Kaka alivaa kaptura yake ya zamani, mkewe ameitia pini kiunoni. Kwenye tambarare alikuwa Mshale yule yule. Mgongo umelala, viwiko ndani, cheni inaimba. Nilimwonya kitu kimoja, kwamba cheni nimeipaka mafuta usiku uliopita na asiiguse, likitokea lolote aniite.

Kilima kilipoanza niliweka gia yangu laini, nikatangulia. Nikapiga soga peke yangu kwa muda kabla ya kugundua kwamba sijibiwi. Nikageuka. Kaka alikuwa hatua kama hamsini nyuma, amechuchumaa kando ya baiskeli, ameipa barabara mgongo.

"Cheni imetoka!" akaita.

Nilirudi. Kweli cheni ilikuwa imening'inia nje ya gia ya mbele. Nikairudisha, nikajifuta kwa kitambaa changu, nikakagua skrubu inayozuia kimkono kisivuke mpaka. Ilikuwa sawasawa. Tukaendelea. Haikupita hata dakika tano.

"Imetoka tena!"

Mara ya pili nilikunja uso. Nikatoa bisibisi, nikakaza skrubu robo, nikazungusha pedali kwa mkono mara thelathini. Cheni haikutikisika. Kaka alikuwa amekaa kwenye jiwe, ameegemeza mikono magotini, anatazama chini mjini.

"Chukua muda wako, fundi," akasema. "Hatukimbizwi."

Maneno haya ningeyasikiliza kwa masikio ya ndugu, ningejua. Niliyasikiliza kwa masikio ya fundi, na fundi aliyekosolewa kazi yake hana ndugu. Mimi Kipimo, cheni yangu inatoka mara mbili kwenye kilima kimoja? Nilikuwa nimeshaanza kuwazia mshonaji atasema nini.

Mara ya tatu ilikuwa kwenye kona, tanki limeshaonekana. Safari hii sikurudi taratibu.

"Unaifanya nini hiyo baiskeli?" nikafoka. "Cheni yangu haitoki! Miaka thelathini nafunga baiskeli, cheni yangu haijawahi kutoka! Umesahau kuendesha, sema umesahau, usiniharibie jina!"

Kaka aliinua uso. Ulikuwa umelowa jasho na midomo yake haikuwa na rangi nzuri, na mimi niliviona vyote hivyo. Niliviona nikadhani ni aibu.

"Basi," akasema. "Kazi yako haina kosa. Mimi ndiye niliyeiharibu. Rudisha cheni, mimi nashuka."

"Tanki lile pale!"

"Nimeliona."

Akageuza baiskeli, akateremka bila kupiga pedali. Mimi nilipanda mpaka juu kwa hasira, nikaligonga tanki mara tatu kama mpumbavu, hakuna wa kunisikia.

Hatukusemezana miezi minne. Sisi wa nyumba yetu ni wakaidi, mama alikuwa akisema amezaa mawe mawili. Nilimngoja aje kuomba radhi. Kila nikipita karibu na kwake nilipinda kona.

Siku shemeji yangu alipokuja, alikuja akiisukuma ile baiskeli, tairi zimeishiwa upepo. Ni mwanamke wa maneno machache, wakati wote nimemwogopa kidogo. Aliiegemeza kwenye meza.

"Ndugu yako anasema umpe mwenye miguu," akasema.

"Angeileta mwenyewe."

"Shemeji," akasema, "kutoka kitandani mpaka mlangoni anapumzika mara mbili. Ataileta na nini?"

Nikaweka spana chini. Akanieleza akiwa amesimama, kiti nilichomsogezea hakukikalia. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kaka mapafuni kwa miaka mingi. Kabla hajaniletea fremu, daktari alikuwa amemwambia kifua kinataka mazoezi, na baiskeli itamfaa, ila iwe laini na asijikaze. Kaka alirudi nyumbani siku hiyo akicheka. Akasema, mdogo wangu ni fundi, atanifungia kitu hata kikongwe anapanda. Baada ya ile safari ya tanki aliifungia baiskeli stoo. Kila akienda hospitali alimwambia daktari kwamba anaendesha. Alidanganya hivyo mpaka alipoanguka bafuni.

"Kwa nini hakuniambia?" nikauliza.

"Alikuambia," shemeji akasema. "Alirudi akanisimulia. Alisema ulichekesha watu vizuri sana."

Akaondoka. Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza, nami nikajua mshonaji amesikia kila neno.

Mtu mwenye akili angeenda kwa kaka yake saa ile ile. Mimi nilifanya ninachokijua. Niliipandisha baiskeli kwenye stendi, nikaweka cheni kwenye gia ya kilimani, nikazungusha pedali. Nikazungusha mara mia moja, mara mia mbili, nikiitikisa, nikiipiga kwa ngumi. Haikutoka. Hata wakati ule, jamani, hata wakati ule sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inafurahi kwamba skrubu zangu zilikuwa sawa.

Ndipo nikauona utepe wa usukani. Upande wa kushoto ulikuwa mweupe kama nilivyoufunga. Upande wa kulia ulikuwa na alama nyeusi za kidole gumba na vidole viwili. Juu yake alama nyingine, na nyingine tena, zimepandiana. Mafuta ya cheni, yale yale niliyopaka mimi.

Mara zote tatu cheni niliirudisha mimi, kwa mikono yangu, na nilikuwa nimemkataza kuigusa. Kidole chake kilikuwa na sababu moja tu ya kuwa cheusi. Kaka alikuwa akishuka, ananipa mgongo, anaitoa cheni kwa vidole vyake ili apate pa kupumzikia bila kuniambia kwamba amechoka. Alinipa nafasi tatu za kumngoja. Mara zote tatu mimi nilitoa bisibisi.

Nilikaa sakafuni. Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu alikuwa ameshakuja miezi minne iliyopita, anabisha hodi, na mimi nilikuwa naangalia skrubu.

Nilivuta boksi la tatu. Nikafungua kile kimkono kifupi kinachong'aa, nikafunga kile kirefu cheusi. Nikaweka gia zenye meno ishirini na nane, nikaongeza cheni pingili kadhaa, nikajaza tairi upepo. Ilikuwa mbaya kuitazama, na ilikuwa laini kiasi kwamba pedali ilizunguka kwa kidole kimoja. Utepe mchafu sikuubadilisha. Mshonaji alikuja kusimama mlangoni, akaitazama baiskeli, akarudi kwake.

Kaka anakaa chini ya kile kilima. Kesho yake nilimkuta amekaa kibarazani kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, blanketi magotini, mabega yanapanda na kushuka kwa kila pumzi. Alikuwa amepungua. Nilitaka kuomba radhi, na maneno nilikuwa nimeyaandaa. Badala yake nikaisogeza baiskeli mpaka ubavuni mwake, nikainua gurudumu la nyuma kwa mkono.

"Zungusha," nikasema.

Akanyoosha mkono, akashika pedali, akaizungusha mara moja, taratibu. Macho yake yalikuwa kwenye pua ya tyubu, ile ya kujazia upepo, akiifuata inavyokwenda na gurudumu.

"Moja," akasema. "Na nusu." Akapumzika. "Laini."

"Kaka, ile siku..."

"Hii ilikuwa wapi siku ile?"

Ningeweza kusema nimeinunua jana. "Chini ya meza," nikajibu. "Boksi la tatu."

"Najua," akasema. "Niliiona nilipoinama. Ndiyo maana nikataja ishirini na nane. Ningeona hakuna, nisingekutajia."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nilibaki nimeshika gurudumu hewani, mkono unauma, naogopa kulishusha.

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Nilikucheka mbele za watu, halafu nikakufokea. Na alama za vidole vyako niliziona jana tu."

Alitazama ncha za vidole vyake kama vile bado ni vyeusi. "Wewe nawe," akasema, "hutazami kitu mpaka kiwe cha chuma." Akakohoa muda mrefu. Kikohozi kilipomwacha, alionyesha kilima kwa kidevu. "Panda. Nataka nijue ingekuwaje."

"Kaka, sitaki."

"Panda bwana. Ukifika ugonge. Kukitulia hapa, tanki linasikika."

Nikapanda. Ningependa kusema kwamba nilipata shida. Fremu yake ni nyepesi kuliko yangu, na ile gia ilikula kilima polepole, bila haraka wala maumivu. Nililipita jiwe alilokalia, nikaipita kona niliyomfokea. Mtu angeweza kuzungumza njia nzima. Mtu wa miaka sitini na tatu mwenye kifua kibovu angesimama mara mbili, akanywa maji, akafika.

Juu nilikunja ngumi. Halafu nikaikumbuka sheria: anayefika kwanza ndiye anayegonga. Mtu aliye peke yake hafiki wa kwanza. Nikakunjua ngumi, nikalishika tanki kwa kiganja tu, lilikuwa baridi, nikateremka.

Kaka alikuwa bado amekitazama kilima.

"Sikusikia tanki," akasema.

"Ni upepo."

"Ulishuka njiani?"

"Sikushuka."

"Ulihema?"

"Nilihema sana," nikasema. "Nusura nirudi. Kilima kile si cha mchezo, kaka, hata kwa meno ishirini na nane. Hata ningekufungia hii, tusingefika."

Akaniita nisogee. Aliinua mkono wake ule mwembamba, akauweka mgongoni mwangu, juu ya shati, akaupitisha kutoka bega mpaka kiunoni.

"Kavu," akasema.

Mkono ulibaki hapo kidogo. Halafu akaniomba nimwite mkewe, tumsaidie kuingia ndani, maana baridi ilikuwa inaanza kumwingia.